Tazama Juu Kabla ya Kupanda: Somo la Kupogoa Miti Karibu na Nyaya za Umeme



Kila mwaka kabla ya mvua za masika, zinazoanza Machi, na zile za vuli, zinazoanza Oktoba, wakazi wengi wa Makongeni na mitaa jirani ya Mbotela, Kaloleni, Maringo na Jericho huanza kuangalia miti yao upya. Tawi lililoegemea paa linatia wasiwasi. Majani yameziba mfereji wa maji. Mwembe umefunika taa ya usalama na njia imekuwa na giza. Basi anaitwa kijana wa mtaa mwenye panga na ngazi, bei inapatanwa, na kazi inaanza.

Mara nyingi kazi hiyo huisha salama. Lakini mti ukiwa karibu na waya wa stima, kosa moja dogo linaweza kumuua aliye juu, aliyeshika ngazi chini, na jirani aliyekimbia kuwasaidia. Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya mwenye nyumba, keateka, kikundi cha vijana kinachofanya usafi wa mtaa, na kibarua anayeishi kwa kazi za mkono. Tunawaomba mlisome pamoja kwenye kikao cha Nyumba Kumi au cha chama, kisha mjibu maswali yaliyo mwishoni.

Ukimaliza somo hili utaweza:

- kueleza kwa nini fyuzi haikulindi ukigusa waya wa juu;
- kutambua aina za nyaya zinazopita mtaani;
- kupima, ukiwa chini, kama kazi ni yako au si yako;
- kujua wa kumpigia simu na la kumwambia;
- kuchukua hatua zinazofaa ajali ikitokea.

1. Kwa nini mti na waya hukutana

Makongeni ulikuwa mtaa wa wafanyakazi wa reli. Kama ilivyo katika mitaa mingi ya zamani ya Eastlands, miti ilipandwa kwa ajili ya kivuli na matunda, na kadiri miaka ilivyopita nyaya ziliongezeka juu yake. Leo nguzo moja inaweza kubeba waya wa stima wa barabara, waya unaoingia nyumbani, waya wa taa, na juu ya hayo nyaya kadhaa za intaneti.

Miti nayo haikai pale pale. Grevilia na mkaratusi hurefuka upesi. Jakaranda hutanua matawi mapana. Mwembe na mti wa avokado hujaza majani mazito ambayo mvua ikinyesha hulemea matawi na kuyashusha. Waya pia hausimami tuli. Jua likiwa kali, alumini ya waya hutanuka na waya hulegea na kushuka. Upepo ukivuma, waya hupepesuka huku na huku. Kwa hiyo nafasi uliyoiona asubuhi si lazima iwe ile ile saa nane mchana.

2. Umeme unavyopita mtini na mwilini

Watu wengi huamini kwamba mbao haipitishi umeme. Mbao kavu kabisa hupitisha kidogo sana. Tawi bichi ni jambo jingine, kwa maana limejaa maji na utomvu. Likinyeshewa, hata gome lake la nje huwa njia ya umeme. Kamba ya katani iliyolowa, fimbo mbichi ya kuangushia maembe na mpini wa panga wenye jasho vyote vinaweza kupitisha umeme wa kutosha kuua. Ngazi ya alumini na bomba la chuma hata hazihitaji maji.

Imani nyingine ni hii: "Nikigusa waya, fyuzi itakatika na stima itazima." Tuipime kwa hesabu.

Stima ya nyumbani hapa Kenya ni ya volti 240. Mwili wa mtu mwenye jasho au aliyelowa hukadiriwa kuwa na ukinzani wa takriban omu 1,000. Gawa volti kwa ukinzani: 240 kwa 1,000 ni ampea 0.24, yaani miliampea 240.

Sasa linganisha. Kwa takriban miliampea 10, misuli ya mkono hukaza na mtu hushindwa kuachia alichoshika. Miliampea 30 zikipita kifuani kwa muda zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Miliampea 240 ni mara 8 ya hizo. Lakini fyuzi ya ampea 60 inasubiri mzigo unaozidi ampea 60, na ampea 60 ni mara 250 ya umeme unaopita katika mwili wa mtu huyo. Fyuzi haitaona kitu. Taa za nyumbani zitaendelea kuwaka na redio itaendelea kuimba huku mtu akiwa ameng'ang'ania waya. Fyuzi iliwekwa ili kulinda waya na transfoma.

Kuna kifaa kidogo katika baadhi ya nyumba ambacho huzima umeme haraka unapovuja kwa miliampea 30. Kifaa hicho huokoa maisha, lakini hulinda nyaya zilizo ndani ya nyumba tu, baada ya mita. Waya ulio kwenye nguzo, na waya mweusi unaotoka kwenye nguzo hadi ukutani, viko kabla ya kifaa hicho. Hakuwezi kukusaidia ukiwa mtini.

3. Zijue nyaya za mtaa wako

Simama chini na utazame nguzo kwa makini. Kwa kawaida utaona haya:

Nyaya za juu kabisa. Nyaya tatu zilizokaa juu ya mkono wa msalaba, kwenye vikombe vikubwa vya kauri au vya kioo, mara nyingi ni za volti 11,000 au 33,000. Hizi ndizo zinazoleta umeme kwenye transfoma. Waya wa aina hii hauhitaji kuguswa ili kuua, kwa sababu umeme unaweza kuruka hewani na kumfikia mtu au kifaa kilichokaribia mno.

Nyaya za chini ya hizo. Nyaya za volti 415 na 240 hutoka kwenye transfoma na kupita mbele ya nyumba. Nyingi hazina ganda lolote. Kwingine zimesokotwa pamoja kama kamba nene nyeusi.

Waya unaoingia nyumbani. Huu una ganda jeusi, na ndio unaodharauliwa zaidi. Jua hupasua ganda lake kadiri miaka inavyopita, na tawi linalousugua kila upepo unapovuma hulila ganda hilo polepole. Huwezi kuona ufa wa ganda ukiwa chini, wala ukiwa juu katikati ya majani.

Nyaya za kuunganishiwa kienyeji. Hizi ndizo wengi huziita sambaza. Hupita chini sana, wakati mwingine zikiwa zimefungwa kwenye shina au tawi la mti wenyewe, na maungio yake hufunikwa kwa karatasi ya nailoni au kuachwa wazi. Mti wenye waya wa namna hii usiguswe kabisa, hata kama tawi unalotaka kukata liko upande wa pili.

Nyaya za intaneti na simu. Zenyewe hazina nguvu ya kuua, lakini zimetundikwa kwenye nguzo za stima. Waya wa stima ukizigusa mahali fulani mtaani, unaweza kuzitia umeme hadi mlangoni kwako.

Tumetaja tofauti hizi ili ujue kinachopita juu yako. Usizitumie kuchagua waya wa kuogopa na waya wa kuzoea. Hesabu ya sehemu ya 2 ilifanywa kwa volti 240, zile zile za balbu ya nyumbani, na ilitosha kuua.

4. Kanuni ya mita 3, na namna ya kuipima ukiwa chini

Katika kazi hii kinga yako ni umbali. Glavu za kawaida, buti za mpira na kofia ngumu husaidia dhidi ya miiba, mipasuko na matawi yanayoanguka, lakini hazikutengenezwa kuzuia umeme wa laini.

Nchini Marekani, kanuni za usalama kazini huwataka wafanyakazi wasio na mafunzo maalumu ya umeme wakae angalau futi 10, yaani takriban mita 3, kutoka kwenye laini zisizozidi volti 50,000. Kipimo hicho ni rahisi kukumbuka, na kinafaa kwa nyaya zinazopita kati ya nyumba zetu. Laini zilizo kwenye nguzo ndefu kupita hizo ziache kabisa.

Kumbuka kwamba mita 3 hazihesabiwi kutoka mwilini mwako tu. Huhesabiwa kutoka kwenye kitu chochote kinachoweza kuukaribia waya: msumeno ulioushika, ngazi ikiteleza, tawi likizunguka wakati wa kuanguka. Pima hivi:

Hatua ya kwanza. Simama ambapo waya unapita juu yako moja kwa moja, uchore mstari ardhini kwa jivu au kwa kijiti. Kama kuna nyaya kadhaa, chagua ule ulio karibu zaidi na mti.

Hatua ya pili. Simama chini ya mahali utakapokatia tawi. Hesabu hatua zako hadi kwenye mstari. Hatua nne za kawaida za mtu mzima ni kama mita 3. Ukiwa na tepu ya fundi, itumie.

Hatua ya tatu. Kadiria urefu wa tawi kutoka mahali pa kukatia hadi ncha yake. Kadiria pia urefu wa mkono wako pamoja na kifaa, na urefu wa ngazi. Chukua kilicho kirefu kuliko vyote.

Hatua ya nne. Ongeza 3 kwenye urefu huo. Jibu likizidi umbali uliopima hadi mstarini, kazi hiyo si yako.

Kama unataka kuangusha mti mzima, tumia urefu wa mti wote badala ya urefu wa tawi.

Katika mitaa ambayo nyumba zimebanana, miti mingi itashindwa kipimo hiki. Usikipunguze kwa sababu hiyo. Kipimo kimekuonyesha kwamba mti huo unahitaji watu wenye uwezo wa kuzima laini kabla ya kukata.

5. "Stima imepotea, tukate haraka"

Hili ni jambo la hatari linalofanyika mara nyingi, kwa hiyo tunaliweka peke yake. Stima inapopotea mtaani, mtu huona kwamba amepata nafasi ya kukata tawi lililomsumbua kwa muda mrefu. Kuna sababu tatu za kutofanya hivyo.

Kwanza, stima hurudi bila kupiga hodi. Baadhi ya laini zina vifaa vinavyojiwasha vyenyewe baada ya hitilafu ya muda mfupi, na laini nyingine huwashwa na mtu aliye mbali asiyejua kwamba wewe uko mtini.

Pili, giza nyumbani kwako halina maana kwamba kila waya wa nguzo umezimika. Huenda fyuzi moja ya transfoma imekatika na nyaya nyingine mbili zina umeme, pamoja na zile za volti 11,000 zilizo juu yake.

Tatu, jenereta ya jirani iliyounganishwa vibaya inaweza kurudisha umeme kwenye laini kutoka upande wa nyumba.

Hata notisi ya kukatizwa kwa umeme inayotolewa na Kenya Power, ambayo kwa kawaida hutaja maeneo na saa, haikupi ruhusa ya kupanda. Mafundi wa kampuni wenyewe hawafanyi kazi kwa kuamini kwamba taa zimezimika. Huzima laini, huipima kuhakikisha haina umeme, kisha huiunganisha na ardhi ili ikirudishiwa umeme kwa bahati mbaya isiwadhuru. Wewe huna vifaa hivyo.

6. Nani afanye kazi isiyo yako

Tawi likiwa ndani ya kipimo cha hatari, au limeshagusa waya, wasiliana na Kenya Power. Namba ya huduma kwa wateja ni 97771. Unapopiga simu, sema:

- jina la mtaa na wadi (taja Makongeni ya Makadara, Nairobi, ili isichanganywe na Makongeni ya Thika);
- alama iliyo karibu, kama vile shule, kanisa, msikiti au duka;
- namba iliyoandikwa kwenye nguzo au kwenye transfoma, kama ipo;
- hali ilivyo: tawi limekaribia waya, limeugusa, linatoa cheche, au waya umeanguka.

Omba namba ya taarifa yako na uiandike. Ikiwa siku zinapita bila jibu, piga tena ukitaja namba hiyo, na uijulishe ofisi ya wadi. Taarifa ya wakazi kumi kuhusu mti mmoja ina uzito kuliko ya mmoja, kwa hiyo zungumzeni kama majirani.

Kwa mti ulio kando ya barabara au katika uwanja wa umma, toa taarifa kwa ofisi ya kaunti. Kwa mti ulio ndani ya kiwanja chako, fika ofisi ya wadi au ya kaunti ndogo ya Makadara uulize kuhusu kibali kabla hujaanza kukata.

Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inairuhusu kampuni yenye leseni kuchukua hatua kuhusu mti unaozuia laini yake, ikiwa ni pamoja na kumpa mwenye mti notisi. Ukipokea notisi ya namna hiyo, usiielewe kama amri ya kupanda mti huku laini ikiwa na umeme. Wasiliana na walioitoa mkubaliane siku ya kuzima laini na nani atakata.

Mwajiri naye ana wajibu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi ahakikishe usalama wa watu wanaofanya kazi hapo. Keateka anayemwita kijana akate tawi lililo juu ya waya, huku akijua hatari iliyopo, hawezi kusema baadaye kwamba kijana alijitakia mwenyewe.

Tunajua kwamba kukataa kazi ni vigumu kwa mtu ambaye chakula cha jioni kinategemea malipo ya mchana. Yafuatayo ni mazungumzo ambayo fundi anaweza kuyatumia bila kupoteza kazi yote:

"Mama, nimeuzunguka mti wako. Haya matawi matano ya upande wa choo nayaweza leo. Lile la upande wa barabara limekaribia stima, siligusi."

"Lakini fundi, hilo ndilo linalonisumbua. Nitakuongezea mia mbili."

"Asante mama, lakini hata ukiongeza elfu. Hilo ni la watu wa stima. Tupige simu sasa hivi nikiwa hapa, nikusomee namba ya nguzo. Wakishakata, nitakuja kukuchanjia kuni na kufagia."

Mama atakuwa amepata huduma na ushauri, na fundi atakuwa amepata kazi ya leo na ya siku nyingine.

7. Kazi iliyo yako: namna ya kuifanya vizuri

Mti ukipita kipimo cha mita 3, bado kuna hatari ya kuanguka na ya kupondwa. Fuata utaratibu huu.

Kabla ya kuanza. Zunguka mti mara moja ukitazama juu. Angalia waya uliojificha majanini, mizinga ya nyuki, matawi makavu na shina lililooza. Usianze kukiwa na mvua, radi, upepo mkali au umande mzito. Kazi hii ina watu wawili angalau: anayekata, na mlinzi aliye chini ambaye kazi yake ni kutazama tu. Mlinzi awe na simu yenye chaji, azuie watoto na wapita njia, na awe na neno moja la kusimamisha kazi ambalo likisemwa halijadiliwi.

Vifaa. Tumia ngazi ya mbao iliyo imara au ya faiba. Acha ya alumini ikiwa kuna waya wowote karibu na kiwanja. Msumeno wa mkono wenye makali ni bora kuliko panga, kwa kuwa panga hupasua tawi na kumyumbisha anayelipiga. Msumeno wa injini usitumiwe na mtu aliye kwenye ngazi. Vaa kofia ngumu, miwani ya kinga, glavu na viatu vilivyofunika mguu.

Kukata kwa mikato mitatu. Tawi nene likikatwa mara moja kutoka juu huvunjika kabla halijaisha kukatwa na kubandua gome hadi shinani. Kwanza kata kutoka chini, umbali wa kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, ufikie theluthi ya unene. Kisha kata kutoka juu, sentimita chache mbele ya mkato wa kwanza, hadi tawi lianguke. Mwisho ondoa kisiki kilichobaki, ukikatia nje kidogo ya uvimbe uliopo mahali tawi linapoungana na shina. Uvimbe huo ndio unaoponya kidonda, kwa hiyo usiukate.

Usikate kichwa cha mti. Wengi hukata mti wote juu uwe bapa wakidhani utakaa mfupi. Mti uliokatwa kichwa hutoa machipukizi mengi yanayorefuka upesi, nayo hushikamana na shina kwa udhaifu. Baada ya misimu michache utakuwa na matawi mengi zaidi yaliyo rahisi kung'oka wakati wa dhoruba. Ni heri kukata tawi linaloelekea kubaya hadi pale linapotokea tawi jingine linaloelekea kuzuri. Usiondoe zaidi ya robo ya majani yote katika msimu mmoja.

8. Zoezi: miti minne

Fanyeni hesabu hizi kwenye kikao kabla ya kusoma majibu.

Mti wa kwanza. Mwembe. Mahali pa kukatia pako mita 7 kutoka kwenye mstari wa waya. Tawi lina mita 2, ngazi ina mita 3. Kirefu zaidi ni ngazi: 3 na 3 ni 6. Sita ni pungufu ya 7, kwa hiyo kazi inaweza kufanywa.

Mti wa pili. Jakaranda. Mahali pa kukatia pako mita 5 kutoka kwenye mstari. Tawi lina mita 4. Nne na 3 ni 7. Saba inazidi 5, kwa hiyo usikate. Piga simu.

Mti wa tatu. Grevilia. Tawi jembamba kama kidole limelalia waya mweusi unaoingia nyumbani. Mwenye nyumba anasema linaweza kusukumwa kwa ufagio. Hapa hakuna hesabu ya kufanya. Tawi limeshagusa waya. Watu wakae mbali na shina pia, kwa maana shina lenyewe linaweza kuwa na umeme. Piga simu.

Mti wa nne. Mti wa avokado usio na waya wowote juu yake, ila kuna waya wa sambaza uliofungwa kwenye shina. Usiguse mti. Toa taarifa.

9. Ajali ikitokea

Mtu amenaswa mtini au ameshika ngazi yenye umeme. Usimguse, usiguse mti wala ngazi, na usijaribu kumsukuma kwa fimbo. Huwezi kujua kwa macho ni volti ngapi, na fimbo inayoonekana kavu haitoshi kukukinga. Piga 97771 ukisema kuna mtu amenaswa, kisha 999 au 112. Wazuie wengine kwa sauti. Hili ni gumu hasa kwa mzazi au ndugu, kwa hiyo mtu mmoja apewe kazi ya kumshika.

Waya umeanguka chini. Hesabu kwamba una umeme hata kama hautoi cheche. Kaa mbali angalau mita 10, na mbali zaidi ikiwa ardhi imelowa. Umeme husambaa ardhini kutoka pale waya ulipogusa, na hupungua kadiri unavyoenda mbali. Mtu akipiga hatua ndefu, mguu mmoja huwa kwenye nguvu kubwa na mwingine kwenye nguvu ndogo, na umeme hupita katikati ya miguu yake. Ukijikuta karibu na waya, ondoka kwa kuburuta nyayo, miguu ikiwa imebanana, bila kuinua mguu.

Waya umeangukia gari. Abiria wabaki ndani wakisubiri laini izimwe. Watoke tu ikiwa gari linawaka moto, nao waruke mbali miguu yote miwili ikiwa pamoja, bila kugusa gari na ardhi kwa wakati mmoja.

Mtu ameshaachana na umeme, na wahusika wamethibitisha laini imezimwa. Kama hapumui au anakata roho, mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua, ubonyeze kwa nguvu hadi kifua kishuke kama sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kama umefunzwa, mpe pumzi 2 baada ya kila mibonyezo 30. Usiache hadi msaada ufike. Sehemu iliyoungua ipozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Aliyepigwa na umeme apelekwe hospitali hata kama anasema anajisikia vizuri, kwa sababu moyo unaweza kusumbuka baadaye na majeraha ya ndani hayaonekani kwenye ngozi.

10. Panda ukifikiria miaka kumi ijayo

Miti tunaihitaji Eastlands kwa kivuli, matunda na hewa. Tatizo linaanza siku ya kupanda. Chini ya nyaya au karibu nazo, panda mimea mifupi kama mpera, mkomamanga au maua ya ua. Grevilia, mkaratusi, jakaranda na mwembe vipandwe mbali, mita 10 au zaidi kutoka kwenye laini. Kama mche wa mti mrefu umeota wenyewe chini ya waya, uhamishe ungali mdogo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini taa zinaweza kuendelea kuwaka wakati mtu amenaswa na waya?
2. Tawi lina mita 3, ngazi ina mita 4. Mahali pa kukatia pawe umbali gani, kwa uchache, kutoka kwenye mstari wa waya?
3. Taja sababu tatu za kutokata tawi wakati stima imepotea.
4. Jirani anataka kumwokoa mtu aliyenaswa kwa kutumia fimbo ya ufagio. Utamwambia nini?
5. Ni mti gani katika njia yenu umeshagusa waya, na nani atapiga simu kuutolea taarifa?

Majibu

La kwanza: umeme unaopita mwilini ni mdogo mno kuikata fyuzi, ingawa unatosha kuua. La pili: mita 7. La tatu: stima inaweza kurudi wakati wowote, nyaya nyingine zinaweza kuwa na umeme, na jenereta ya jirani inaweza kurudisha umeme kwenye laini. La nne: asimame mbali, apige 97771, na azuie wengine wasikaribie. La tano mtalijibu wenyewe kwa kutembea njia yenu kabla ya mvua kuanza. Andikeni jina la aliyepewa kazi hiyo na siku atakayopiga simu, kisha mwulizeni kwenye kikao kijacho.